Ganzi, kuyumba na usingizi uliopotea: kutafuta upungufu wa vitamini kabla mishipa ya fahamu haijaharibika

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zinalisha nchi. Mahindi yanatoka Mbozi na Ludewa, mchele Kyela na Mbarali, viazi Makete, ndizi na maziwa Rungwe. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa wamedumaa, na Njombe na Rukwa zikifuata kwa karibu. Mtu anaweza kushiba ugali kila siku huku mishipa yake ya fahamu ikikosa inachohitaji. Mishipa hiyo hailalamiki kwa kelele. Huanza na kidole kinachowaka, usingizi unaokatika au mguu unaojikwaa, na familia husema ni baridi, ni uzee, ni mawazo, au amerogwa.

Mwongozo huu ni wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi wa zahanati na mtu yeyote anayeishi na mgonjwa. Umepangwa kwa dalili, kwa sababu mgonjwa huja na dalili, haji na jina la vitamini. Dozi zilizotajwa ni za kumsaidia mhudumu aliyesomea kutoa dawa na kumfanya mgonjwa aelewe anachopewa. Si za kununuliwa kienyeji dukani.

Kwanza ondoa yasiyohusu vitamini

Upungufu wa vitamini hushika pande zote mbili za mwili, huja taratibu, na kwa kawaida huanzia mbali na moyo, yaani vidoleni. Kinachokwenda kinyume na hapo kina maelezo mengine. Aliyeishiwa nguvu ghafla upande mmoja, mdomo ukapinda, ana kiharusi mpaka ithibitike vingine; apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Homa na shingo ngumu ni homa ya uti wa mgongo. Maumivu ya mgongo yasiyoisha, homa za jioni, kukonda, na miguu yote miwili kulegea huashiria kifua kikuu cha mgongo. Baka la ngozi lisilosikia mguso ni ukoma. Kifafa kinachoanza ukubwani, hasa vijijini Mbozi na kwingine nguruwe wanakozurura huria, mfikirie kwanza tegu wa nguruwe aliyejenga vifuko kwenye ubongo. Na miguu iliyokakamaa kwa ghafla kwa mtu anayeishi kwa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha inaweza kuwa konzo, ugonjwa wa sumu ya muhogo uliowahi kuonekana Tarime miaka ya 1980.

Yote hayo yakiondoka, kaa chini na mgonjwa uulize. Usiulize "unakula vizuri?" kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo. Uliza: jana ulikula nini asubuhi, mchana na jioni? Juzi je? Unga ni sembe au dona? Mara ya mwisho kula dagaa, yai, maziwa au nyama ilikuwa lini? Kisha mwombe atoe dawa zake zote mezani, pamoja na za duka la dawa na za mitishamba. Unatafuta hasa isoniazidi (ya kifua kikuu), metformini (ya kisukari), omeprazoli (ya kupunguza asidi ya tumbo), ARV na vidonge vya FEFO (vya madini ya chuma na asidi ya foliki). Uliza pombe ni ipi na kiasi gani, bila kumsuta. Mwisho uliza habari za tumbo: kutapika, kuharisha kwa muda mrefu, upasuaji wa tumbo uliowahi kufanyika. Robo saa ya maswali haya inakufikisha mbali kuliko kipimo cha damu ambacho pengine hakipo wilayani kwako.

Muda nao ni ushahidi. Thiamini, yaani vitamini B1, mwili huweka akiba ya wiki mbili tatu tu, kwa hiyo mjamzito anayetapika kila kitu anaweza kuugua ndani ya mwezi. Niasini, yaani B3, huchukua miezi michache. B12 hukaa kwenye ini kwa miaka mitatu hadi mitano, ndiyo maana aliyeacha vyakula vya wanyama mwaka jana bado hajaonyesha kitu, ilhali aliyekatwa tumbo miaka minne iliyopita ndiyo kwanza anaanza kuona dalili.

Dalili: ganzi, sindano sindano au moto miguuni

Hii ndiyo inayokuja mara nyingi, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Makete na Njombe mwezi Juni na Julai kila mtu analalamikia miguu. Namna ya kutenganisha ni rahisi: ganzi ya baridi huisha ukishapata joto. Ya mishipa ya fahamu inabaki hata mtu akiwa kitandani amejifunika blanketi mbili, na mara nyingi usiku ndiyo inazidi. Ipo miguu yote miwili kwa usawa, imeanzia vidoleni na inapanda polepole kama mtu anayevaa soksi. Inapofika karibu na goti, vidole vya mikono navyo huanza.

Pima hivi. Mgonjwa afumbe macho. Chukua pamba, gusa kidole gumba cha mguu, kisha juu ya unyayo, kisha kifundo, kisha katikati ya mguu, naye aseme "sasa" kila anaposikia. Rudia kwa ncha ya njiti ya kiberiti, ukibonyeza kidogo bila kuchubua. Weka alama ya kalamu mahali anapoanza kusikia sawasawa, na uandike tarehe kwenye daftari lake. Mwezi ujao utajua kama mpaka umepanda au umeshuka. Kisha shika kidole gumba cha mguu pande zake mbili, kulia na kushoto, usishike juu na chini. Kipandishe au kishushe kidogo, naye aseme kimekwenda wapi. Anayekosea mara kwa mara amepoteza hisia ya mahali viungo vilipo. Kituo chenye uma wa chuma wa kupimia mtetemo, wa hezi 128, kiuweke kwenye mfupa wa kidole gumba. Mtetemo ni kati ya hisia za kwanza kupotea.

Angalia pia miguu yenyewe. Ukikuta malengelenge kwenye unyayo wa mtu anayeota moto jikoni, na yeye hajui ameungua lini, au kandambili inamtoka njiani na anaendelea kutembea bila kujua, tatizo limeshakuwa kubwa. Mwambie tangu siku hiyo asiweke miguu karibu na jiko la mkaa, na maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko.

Sasa tafuta chanzo.

*Isoniazidi bila B6.* Njombe, Iringa na Mbeya ni kati ya mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, na watu wengi wa CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, hupewa isoniazidi miligramu 300 kwa siku kwa miezi sita ili kuzuia kifua kikuu. Wanaotibiwa kifua kikuu chenyewe nao huinywa ndani ya vidonge vya mchanganyiko. Dawa hii huiondoa mwilini pairidoksini, yaani vitamini B6, na ganzi huanza. Anayeanza isoniazidi apewe pairidoksini miligramu 25 kila siku. Kinachoharibika mara nyingi ni kwamba B6 imeisha dirishani, mgonjwa akaondoka na isoniazidi peke yake, au ameona kidonge kidogo cha pili si cha maana akakiacha. Angalia kopo. Akiwa na ganzi tayari, arudi kituoni aongezewe B6, kwa kawaida miligramu 50 hadi 100 kwa siku kwa kipindi. Asiache isoniazidi kwa uamuzi wake mwenyewe.

*B12.* Mahindi hayana B12, maharage hayana, karanga hazina, mboga za majani hazina. Hupatikana kwenye nyama, maini, samaki, mayai na maziwa, basi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Vikombe viwili vya maziwa hukaribia hapo, yai moja hutoa kama nusu mikrogramu. Walio hatarini ni wasiokula vyakula vya wanyama kwa umaskini au kwa imani, wazee ambao tumbo lao halitoi tena asidi ya kutosha, waliokatwa sehemu ya tumbo, wanaotumia omeprazoli mwaka baada ya mwaka, na wagonjwa wa kisukari waliotumia metformini kwa miaka, hasa dozi ya miligramu 2,000 kwa siku. Dalili zinazofuatana na ganzi ni ulimi mwekundu, laini na unaouma, kupauka, kuchoka, kusahau, na wakati mwingine viungo vya vidole vya mikono kuwa vyeusi kuliko kawaida.

Hapa pana mtego mkubwa. Damu inaweza kuwa ya kawaida kabisa huku uti wa mgongo ukiharibika. Hasa kama mtu amekuwa akinywa FEFO, kwa sababu asidi ya foliki iliyomo huirekebisha damu lakini haiigusi mishipa ya fahamu. Mhudumu anaona wingi wa damu umepanda, anafurahi, na mguu unaendelea kufa. Kwa hiyo FBP, kipimo cha picha nzima ya damu, ikionyesha chembe nyekundu kubwa kuliko kawaida ni ushahidi mzuri, ila isipoonyesha hivyo usiifute B12. Kipimo cha B12 yenyewe kinapatikana kwenye hospitali kubwa na maabara binafsi za mijini. Chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu, na kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka ambalo dalili ndizo zinaamua.

*Kisukari na VVU vyenyewe.* Vyote viwili huleta ganzi ya soksi bila upungufu wowote. Pima sukari na VVU kwa kila mwenye ganzi ya miguu yote miwili. Ila mgonjwa wa kisukari anayetumia metformini anaweza kuwa na sababu zote mbili kwa pamoja, na inauma kuona mtu anaambiwa kila mwezi "ni sukari tu hiyo" wakati sindano chache za B12 zingemrudishia nusu ya miguu yake.

*B6 kupita kiasi.* Watu hushangaa kusikia hili. Vidonge vya "mishipa" vinavyouzwa kila duka la dawa, vyenye B1, B6 na B12 pamoja, baadhi vina B6 hadi miligramu 200 kwa kimoja. Mtu anakunywa viwili kwa siku, mwaka mzima, na B6 nyingi kiasi hicho kwa muda mrefu huharibu mishipa ile ile ya hisia. Ganzi ikizidi anaongeza dozi. Soma nyuma ya pakiti kabla ya kumsifia mgonjwa kwamba anajitunza.

Dalili: anayumba, hasa gizani

Mzee anatembea vizuri mchana, lakini akitoka nje usiku anapapasa ukuta. Au anaosha uso, anafumba macho kwa ajili ya sabuni, na papo hapo anapepesuka. Macho yalikuwa yanaficha kasoro ya miguu.

Msimamishe, miguu imegusana, mikono kando, macho wazi. Akisimama imara, afumbe macho kwa nusu dakika. Wewe simama karibu kabisa, mikono tayari kumdaka. Akiyumba sana au kuanguka macho yakiwa yamefumbwa tu, hisia ya mahali miguu ilipo imekatika, na B12 ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Kaswende ya muda mrefu hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo ipimwe. Anayeyumba hata macho yakiwa wazi, hatua zikiwa pana kama mlevi, fikiria pombe na thiamini, na uruke mara moja hadi sehemu ya dharura hapa chini.

Mtoto au mama anayejikwaa jioni lakini anasimama imara kwa macho yaliyofumbwa, tatizo lake ni macho. Huo ni upungufu wa vitamini A, na matibabu yake ni mengine.

Dalili: hawezi kuinuka akichuchumaa, na vigimbi vinauma

Mwambie achuchumae kisha asimame bila kushika kitu, mara tatu. Anayeshika mapaja au ukuta ili ajiinue, na vigimbi vyake vikibonyezwa analalama, huenda ana beriberi kavu, ugonjwa wa kukosa thiamini. Nyayo huwaka, vidole vya miguu hushindwa kunyanyuka, na mguu hupiga chini unapotembea. Miguu ikivimba, mapigo ya moyo yakaenda mbio na pumzi ikawa fupi, ni beriberi ya majimaji. Huyo hana siku za kusubiri.

Thiamini inakaa kwenye ganda na kiini cha nafaka. Mashine inayokoboa mahindi kuwa sembe jeupe, au inayong'arisha mchele wa Kyela mpaka uteleze, huipeleka kwenye pumba, na pumba zinakwenda kwa nguruwe. (Nyama ya nguruwe yenyewe ina thiamini nyingi.) Kilichobaki kwenye mchele hupotea ukiuosha maji mengi mara nne tano na kumwaga maji ya kuchemshia. Chai kali na kahawa zinazonywewa pamoja na chakula nazo huiharibu. Ni bora zisubiri saa moja hivi baada ya kula.

Pombe inaongeza mambo mawili: humfanya mtu asile, na huzuia utumbo kufyonza thiamini. Pombe za nafaka kama komoni hubaki na vitamini B kidogo kutoka kwenye nafaka na hamira. Gongo haina hata chembe, kwa kuwa mvuke wa pombe hauzibebi vitamini. Mtu aliyehama kutoka komoni kwenda gongo, na anaanza kunywa asubuhi kabla ya kula, ndiye wa kumfuatilia kwa karibu.

Dalili: usingizi umepotea, hasira za ghafla, na ngozi iliyoungua

Pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, inaweza kuanza kichwani kabla ya kuonekana kwenye ngozi, na hapo ndipo inapokosewa. Mama aliyekuwa mpole anafoka kwa jambo dogo. Halali. Analia bila sababu, hataki kuonana na watu, anasahau alichotumwa. Familia inawaza mgogoro wa ndoa au uchawi, na baadaye akianza kuongea peke yake anapelekwa kwa mganga. Wiki hizo za mwanzo ndizo zenye thamani, kwa sababu niasini humrudisha mtu huyu karibu kabisa.

Tafuta ngozi. Mfungue shingo, angalia migongo ya viganja, mikono na juu ya miguu. Ngozi ya pelagra ipo panapopigwa na jua tu, pande zote mbili sawasawa, na mpaka wake umekatika wazi: inaishia pale ukosi wa blauzi unapoanza, inaishia kwenye mikunjo ya shati, inaacha alama ya mkanda wa kandambili. Mwanzoni ni nyekundu na inawaka kama iliyochomwa na jua, baadaye inakuwa nyeusi, ngumu, yenye magamba na mipasuko. Shingoni huzunguka kama mkufu. Jua kali la milimani huifanya ionekane haraka hata siku za baridi. Usiichanganye na ngozi iliyoharibiwa na mkorogo, ambayo hukaa zaidi usoni na haichori mipaka ya nguo. Kuharisha na ulimi kuwaka hukamilisha picha, lakini wengi hawana dalili zote. Ukisubiri zote tatu zitimie, ngozi, tumbo na akili, umechelewa.

Sababu ya kwanza ni mlo wa mahindi matupu. Mahindi yana niasini, ila imefungwa kwa namna ambayo utumbo wetu hauwezi kuifungua. Dona ni bora kuliko sembe kwa thiamini na madini, lakini dona peke yake haitibu pelagra. Kinachookoa ni mboga inayoliwa nayo. Karanga gramu 50, kama konzi moja kubwa, zina niasini karibu miligramu 6, na protini yake hugeuzwa na mwili kuwa nyingine zaidi. Mtu mzima anahitaji 14 hadi 16. Jirani zetu Malawi, mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliugua pelagra baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wa mahindi. Hesabu hiyo inatosha kumfanya mtu aweke karanga za kutwanga kwenye mchicha. Dagaa, usipa wa Ziwa Nyasa na maharage hufanya kazi hiyo hiyo.

Sababu ya pili ni isoniazidi tena. Mwili unahitaji B6 ili ugeuze protini kuwa niasini. Isoniazidi ikiiondoa B6, njia hiyo inafungwa. Mtu wa CTC aliyeanza isoniazidi mwezi wa Desemba, akaingia miezi ya njaa ya Januari hadi Machi akila ugali na mboga za majani peke yake, amekutana na vyote viwili kwa wakati mmoja. Akianza kukosa usingizi, angalia shingo yake. Baadhi ya ARV zenyewe huvuruga usingizi, hasa zenye efavirenzi, lakini kwa kawaida haziunguzi ngozi namna hii. Sababu ya tatu ni pombe.

Matibabu ni nikotinamidi, aina ya niasini, miligramu 300 kwa siku, ikigawanywa mara tatu, kwa wiki tatu hadi nne, pamoja na vitamini B nyingine na chakula chenye protini. Angalia hesabu: kidonge cha kawaida cha B komplex kina nikotinamidi 15 hadi 20 tu. Kimoja kutwa mara tatu hakifiki hata robo ya kinachohitajika, na ndiyo sababu mgonjwa "anatibiwa" mwezi mzima bila nafuu. Dozi ikiwa sahihi, akili huanza kutulia ndani ya siku moja au mbili. Ngozi huchukua wiki. Afunike shingo na mikono asipigwe na jua.

Dharura: macho, miguu na kuchanganyikiwa kwa pamoja

Mnywaji, mjamzito anayetapika, mgonjwa wa saratani ya koo asiyemeza, mtu aliyetoka kwenye njaa ndefu. Akianza kuchanganyikiwa, kuyumba, au macho kucheza cheza na kuona vitu viwili viwili, kukosa thiamini kumefika kwenye ubongo. Mwambie afuate kidole chako kulia na kushoto bila kugeuza kichwa. Macho yakirukaruka au moja likikwama, ni ishara. Wengi hawana dalili zote tatu, na kwa mlevi watu husema "amelewa tu". Aliyelewa hurudi sawa baada ya kulala. Huyu harudi.

Apelekwe hospitali siku hiyo. Huko hupewa thiamini ya mshipa, miligramu 200 hadi 500 mara tatu kwa siku. Kosa baya linalofanyika ni kumtundikia dripu ya sukari kwanza ili "apate nguvu": sukari hutumia thiamini ile kidogo iliyobaki, na ubongo unaharibika ndani ya masaa. Thiamini itangulie. Zahanati yenye sindano ya thiamini impe miligramu 100 ya msuli kabla ya safari. Kipimo kikionyesha sukari ya damu imeshuka kweli, vyote viwili vitolewe kwa pamoja, sukari isicheleweshwe. Macho hupona kwa masaa au siku, mwendo kwa wiki na miezi. Kumbukumbu ikishapotea, mara nyingi hairudi.

Watoto

Mtoto anayenyonya, wa miezi miwili hadi sita, analia lakini sauti imekauka au haitoki kabisa, anatapika, anahema haraka: hiyo ni beriberi ya mtoto, moyo unaweza kusimama leo leo. Uliza mama anakula nini. Mila za kumlisha mzazi uji mweupe au wali mtupu kwa wiki kadhaa baada ya kujifungua hupunguza thiamini kwenye maziwa yake. Mtoto na mama wote wawili hutibiwa, na mtoto hubadilika ndani ya masaa.

Mtoto wa miezi minne hadi kumi aliyekuwa anacheka na kuanza kukaa, kisha akaacha, akalegea, akapoteza hamu ya kula, na mama yake hali vyakula vya wanyama: fikiria B12. Huyu hana homa wala hakuugua ghafla. Amerudi nyuma tu. Kila mwezi unaopita unapunguza kitakachorudi, kwa hiyo asiambiwe "atakua".

Degedege bila homa kwa mtoto anayefungiwa ndani amevikwa nguo nzito kwa sababu ya baridi linaweza kuwa la kalsiamu kushuka kwa kukosa vitamini D. Kabla ya vitamini, lakini, sukari ya damu ipimwe.

Mgongo wazi huamuliwa mapema mno. Mfereji wa uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutunga, kabla wengi hawajajua wana mimba, kwa hiyo asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku ianze wakati mwanamke anapopanga kupata mtoto. Unga wa viwandani hutakiwa kuongezwa virutubishi tangu kanuni za 2011, lakini unaosagwa kwenye mashine ya kijijini hauna.

Dawa zimeanza, nafuu haionekani

Kwa B12 yenye dalili za mishipa, kawaida ni haidroksokobalamini, yaani B12 ya sindano, miligramu 1 ya msuli siku baada ya siku mpaka nafuu ikome kuongezeka, kisha kila miezi miwili. Penye shida ya sindano, vidonge vya mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kila siku husaidia wengi. Wiki za kwanza sindano sindano zinaweza kuzidi kidogo kabla ya kupungua. Mwambie mapema asije akaacha. Nafuu huanza kuonekana ndani ya miezi mitatu na huendelea hadi mwaka. Na B12 itangulie asidi ya foliki, isiwe kinyume chake.

Mpaka ule wa kalamu ukiwa unapanda baada ya miezi mitatu ya dozi sahihi, rudi mwanzo. Je, dawa inamezwa kweli? Je, pombe imekoma? Je, metformini au omeprazoli inaendelea bila kinga? Je, aliyekatwa tumbo amepewa vidonge vya dozi ndogo ambavyo hawezi kuvifyonza? Je, anaongeza mwenyewe vidonge vya B6? Je, sukari, VVU, kaswende na figo vimepimwa? Majibu yote yakiwa sawa na mguu bado unakufa, aandikiwe rufaa kwenda hospitali yenye daktari wa mishipa ya fahamu au daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na daftari lenye tarehe na alama liende naye.